Birmingham, Mtaa wa Mafundi Bunduki

Mjomba wangu ni mkulima katika wilaya ya Masindi. Anayo bunduki ya marisau ya mitutu miwili aliyoirithi kwa baba yake, na kibali chake cha serikali hukihifadhi ndani ya Biblia. Kwa miaka mingi bunduki hiyo imelinda mihogo na mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe mwitu watokao msitu wa Budongo. Mwaka 2019 nilipopelekwa Uingereza kwa masomo ya miezi mitatu katika mji wa Birmingham, mzee huyo alinijia usiku wa kuamkia safari akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameilaza karatasi hiyo chini ya mitutu, mahali penye chapa, kisha akaisugua kwa penseli mpaka chapa zote zikatokeza.

"Mpwa wangu," aliniambia, "hii ilizaliwa katika mji uendao. Waulize wazazi wake kama bado ni nzima. Fundi wa hapa ameahidi kuifanya mpya kabisa, lakini anataka mbuzi wanne."

Basi, ndugu msomaji, ndivyo nilivyofika katika mtaa ambao singalikuwa na sababu nyingine ya kuutembelea. Uko upande wa kaskazini wa kitovu cha mji, nyuma ya kanisa kuu la Mtakatifu Chad, lililojengwa kwa matofali mekundu mwaka 1841. Barabara kubwa iliyopasuliwa katika miaka ya 1960 ilimeza sehemu kubwa ya majengo ya zamani. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa yamekwisha anza kazi hiyo. Yaliyosalia ni majumba machache ya ghorofa mbili tatu katika barabara za Price, Loveday na Bath, yenye madirisha makubwa. Madirisha hayo si urembo. Fundi aliyepiga tupa kutwa nzima alihitaji mwanga, na taa haikutosha.

Zamani bunduki haikutengenezwa katika nyumba moja. Huyu alifua mtutu, yule akautoboa, wa tatu akachonga kitako, wa nne akaunda mtambo, wa tano akachora maua na ndege juu ya chuma, na watoto wa kiume walikuwa wakikimbia uchochoroni wamebeba vipande kutoka karakana hii kwenda ile. Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya bunduki hizo ilipelekwa Afrika Magharibi na kubadilishwa kwa watumwa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, zilivuka bahari kwa mamia ya maelfu. Na mwaka 1875 mafundi wawili wa nyumba ya Westley Richards, Anson na Deeley, walipata hataza ya mtambo mwepesi usio na nyundo za nje, ambao hadi leo unaigwa dunia nzima katika bunduki za mitutu miwili.

Katika barabara ya Price nilimkuta mzee mmoja karakanani kwake. Hakuitazama kwanza karatasi yangu. Alitwaa bunduki nyingine kuukuu iliyokuwa mezani, akaifungua kuhakikisha haina kitu ndani, kisha akanifunza kuitazama. Niliyoyaona nayaeleza hapa kwa faida ya askari walinzi wa maghala, ambao hupokea silaha za namna hii zinaposalimishwa, na kwa faida ya jamaa walioachiwa urithi kama wetu.

Aliitoa mitutu katika kitako, akaitundika kwa kidole kimoja, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele, sauti ikaendelea kwa muda. Akatwaa mitutu mingine, akaigonga vilevile: ikatoa sauti ya debe bovu. Mitutu miwili huunganishwa kwa vipande virefu vyembamba vya chuma, kimoja juu na kimoja chini, vilivyoshikwa kwa lehemu laini. Sauti ikiwa ya debe, lehemu imeachia mahali, na maji yamekwisha ingia kufanya kutu pasipoonekana.

Kisha akaielekeza mitutu dirishani, akaniambia nichungulie. Ndani ya mtutu mzima mwanga hujipanga duara ndani ya duara, kama mawimbi ya bwawa lililotupiwa jiwe. Duara likivunjika au kupinda, pana bonyeo au uvimbe. Bonyeo lililotokea nje fundi hodari aweza kulirudisha. Uvimbe uliotokea ndani ni habari nyingine, kwa maana chuma kimekwisha nyumbuka. Vidoadoa vyeusi ni vishimo vya kutu. Baadaye aliirudisha mitutu katika kitako bila kipande cha mbao cha mbele, akaitikisa. Ikichezacheza, au ukiona mwanga kati ya mwisho wa mtutu na uso wa mtambo, bawaba imelika.

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa unene wa chuma. Mtutu uliokwaruzwa mara kwa mara kuondoa kutu huwa mpana ndani na mwembamba ubavuni. Mzee huyo hutumia kipimio kirefu kama koleo, na unene ukipungua elfu 20 za inchi, yaani nusu milimita hivi, kama ukucha, huiweka bunduki kando. Alininyoshea mkono wake wa kushoto, akaukunja kana kwamba ameshika mitutu. "Hapa ndipo huwa pembamba," alisema. "Mkono huu ndio ulipao deni."

Ndipo akaitazama karatasi ya mjomba. Aliitazama kwa muda mrefu, akanishauri niipeleke katika Nyumba ya Majaribio, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nyumba hiyo iko barabara ya Banbury, karibu na mfereji na njia ya reli. Juu ya lango lake pana sanamu ya mirundo ya silaha na bendera, imepakwa rangi kali. Ilianzishwa mwaka 1813 kwa sheria ya Bunge iliyoombwa na mafundi wenyewe, nayo bado inafanya kazi ileile: kila mtutu hupigwa kwa baruti yenye nguvu kupita ya kawaida, mjaribu akiwa amejikinga. Siku hizi, kwa bunduki ya marisau ya kawaida ya namba 12, kanuni za mataifa huruhusu msukumo wa risasi usiozidi bari 740, nao mtutu hujaribiwa kwa 930. Ukistahimili, hupigwa chapa. Ukipasuka, hasara ni ya mwenyewe. Huko Uingereza kuuza bunduki isiyo na chapa halali ni kosa, na aliyeipanua au kuidhoofisha hana budi kuirudisha ijaribiwe upya.

Pale dirishani waliisoma karatasi yetu kama karani asomavyo cheti cha kuzaliwa. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji: ni chapa ya nyumba hiyo ya kabla ya mwaka 1904. Namba 12 juu ya herufi C ndani ya umbo la almasi: si ya kabla ya mwaka 1887. Hiyo 12 maana yake ni kwamba gololi 12 za risasi zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Lakini neno NITRO, wala herufi NP chini ya taji, hazikuwapo. Kwa hiyo bunduki ya babu ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, ile ya moshi mwingi, na tangu hapo haikujaribiwa tena.

Nikaulizwa mjomba anatumia risasi gani. Nilijua, kwa sababu nimepata kumnunulia: ganda limeandikwa 70, yaani milimita. Chemba za bunduki nyingi za zamani zina urefu wa inchi 2 na nusu, kama milimita 65. Ganda refu huingia bila taabu, maana mdomo wake umekunjwa; ila likilipuka mdomo hufunguka ukaziba njia palipo pembamba, na msukumo ukapanda katika chuma cha zaidi ya miaka 100. Yule bwana aliniuliza kwa upole ikiwa mjomba wangu ana simu.

Nikarudi kwa mzee wa Price kuuliza habari za matengenezo, nikitumaini. Mambo ya kitako ni mepesi: mafuta yaliyonywewa na mbao hunyonywa kwa unga wa chaki, bonyeo huinuliwa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, kisha mafuta ya kitani husuguliwa kwa kiganja, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Weusi wa mitutu hurudishwa kwa kuipaka dawa, kuiacha ishike kutu nyembamba, kuichemsha na kuipiga brashi, tena na tena kwa siku nyingi. Kuitumbukiza katika beseni la magadi makali yachemkayo, kama zifanyiwavyo bunduki mpya, ni kuiua, kwani magadi hula ile lehemu. Mitutu iliyochakaa yaweza kukatwa karibu na mwanzo wake na kuvikwa mingine mipya, kisha ikajaribiwa na kuchapwa neno la kuonyesha kwamba imevikwa. Gharama yake ingenunua bunduki nyingine na mbuzi wa mjomba wote.

Hata hivyo lililonisumbua ni fundi wetu wa nyumbani. Angeisugua kwa msasa ing'ae, yaani angeondoa chuma kilekile kidogo kilichobaki, na pengine chapa nazo zingefutika. Bunduki ingerudi nzuri na ya hatari kuliko ilivyokwenda.

Nilimpigia mjomba jioni ile ile. Nilimweleza habari za fimbo mbili, ganda refu na mkono wa kushoto. Akanyamaza kidogo.

"Nimeipiga mara ngapi, mpwa wangu?"

"Wewe ndiwe ujuaye, mjomba."

"Na mihogo?"

Sikuwa na jibu la mihogo. Siku ya tatu alinipigia mwenyewe: ameipeleka kituo cha polisi pamoja na risasi 11 zilizosalia, amepewa stakabadhi, na wanawe wanalala shambani kwa zamu na mbwa wawili. Fundi alikuwa amekwisha pokea mbuzi mmoja wa arubuni, na anakataa kumrudisha.