Mbala: Mahali Silaha Zilipowekwa Chini

Atokaye Mpulungu, bandari ya Zambia katika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, akitaka kwenda Mbala hana budi kupanda mlima. Gari hunguruma kona baada ya kona, joto la ziwani huachwa nyuma, na baada ya kilomita zipatazo 40 msafiri hupokewa na upepo wa baridi. Ndivyo nilivyofika mimi, nimevaa shati jepesi, nikalitamani koti nililoliacha nyumbani. Nia yangu ilikuwa moja tu: kuliona Ziwa Chila.

Chila ni ziwa dogo kando ya mji. Asiyejua habari zake angelipita bila kugeuza shingo. Walakini wenyeji husimulia kwamba bunduki za majeshi ya Wajerumani zilitupwa humo. Mji wa Mbala, ambao zamani uliitwa Abercorn, ndipo kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918, majuma mawili kamili baada ya vita kukoma Ulaya.

Silaha zilizokabidhiwa zilihesabiwa: mzinga 1, bombomu 37, bunduki 1,071 na risasi zipatazo 208,000. La ajabu ni kwamba mzinga ule ulikuwa wa Kireno, na bunduki zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Je, za Kijerumani zilikwenda wapi?

Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo hufungwa kwa komeo, mfano wa komeo la mlango. Askari huinua mkono wa komeo, hulivuta nyuma, hutia risasi moja, hulisukuma mbele na kulilaza. Akiisha kupiga, huanza upya. Singe yake, yenye mpini wa shaba, ilikuwa ndefu kama upanga. Kasoro yake kubwa ilikuwa baruti nyeusi: kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipojificha mpigaji. Lee-Enfield ya Waingereza haikutoa moshi wa namna hiyo, tena ilichukua risasi 10 kwa mara moja.

Basi aliyepungukiwa alijipatia kwa adui. Huko Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka bunduki 455 na bombomu 16. Tarehe 25 Novemba, 1917, mwaka mmoja kamili kabla ya siku ya Mbala, walivuka Mto Ruvuma wakaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano pamoja na akiba yake ya silaha. Hivyo mtu yule yule aliyeanza vita na bunduki ya Mjerumani aliimaliza safari yake na ya Mwingereza au ya Mreno. Bunduki zilibadilika, bega lililozibeba lilikuwa lile lile la Mwafrika.

Waliofika Mbala walikuwa askari 1,168, mbali na wapagazi na wanawake walioifuata safari ile. Askari hao walikuwa wakidai mishahara yao. Walingoja hadi mwaka 1964 ndipo Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa hai. Husimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Ikatafutwa njia ya kuwatambua: kila mzee akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride. Hakuna aliyekosea.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Nimejifunza kwamba kisichoandikwa huhesabiwa kuwa hakikuwapo. Siku ile ya Mbala karani aliandika hata idadi ya risasi. Mpagazi aliyezibeba risasi hizo kutoka mto hadi mto, majina yake nimtafute wapi? Nilipoondoka jua lilikuwa likitua, na watoto walikuwa wakitupa vijiwe majini. Chuma kilichozama kimekwisha kula kutu. Basi, msomaji, kama nyumbani kwenu lipo jina la babu aliyebeba mzigo au bunduki katika vita vile, liandike leo.