Ustadh, Sharubu na Miwani ya Kuzamia



Ndugu wasomaji, wazazi na vijana, leo mniruhusu niweke kando masomo yetu ya kawaida niwasimulie jambo lililonikuta mwenyewe. Huenda likamfaa mzazi anayetaka kununua kitu kwa hamu kuliko kwa akili.

Wengi hapa Buyenzi walicheka waliposikia kuwa Ustadh, mtu wa miaka arobaini na kitu, alikwenda Unguja kutembelea jamaa akarudi na cheti cha kuzamia kwa mtungi wa hewa. Wacheke tu. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na miaka yote hiyo nililijua kwa juu: mitumbwi, mawimbi, ndagala juani na mukeke sahanini. Nilitamani kuona Muumba ameweka nini chini.

Cheti cha mwanzo kinakuruhusu kufika mita 18. Vyombo hakikupi. Wakati wa mafunzo kila kitu ni cha kuazima, na ukirudi nyumbani ndipo swali linapokuja: nianze kununua nini?

Nusura nikosee. Mtu mmoja alinitajia seti nzima iliyokwisha kutumika, dola 350, "bei ya undugu". Fedha nilikuwa nazo, lakini zilikuwa karo ya watoto. Nikamwambia mama watoto nitazirudisha kabla shule hazijafunguliwa. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Baba Salma, hicho cha kupumulia kilikaguliwa lini, na nani?" Nikakosa jibu. Nikampigia simu muuzaji, naye akakosa jibu.

Ndugu zangu, hewa ndani ya mtungi imeshindiliwa kwa mgandamizo wa bar 200 hivi. Regyuleta ndiyo inayoipunguza mpaka mtu aweze kuivuta kwa pumzi ya kawaida. Ndani yake mna mipira na springi, na mipira huchakaa hata chombo kikikaa kabatini. Watengenezaji wengi hutaka fundi aikague kila mwaka au kila miaka miwili. Fundi huyo mimi hapa mjini simjui. Sasa ninunue kitu kinachobeba uhai wangu, nisijue kimetoka wapi, kisha niseme nimetawakali? Ngamia hufungwa kwanza. Karo ikalipwa, na regyuleta nitaendelea kuikodi pale ninapozamia, kwa watu wanaoikagua.

Haya ndiyo niliyojifunza kuyanunua, kwa utaratibu wake:

1. Miwani ya kuzamia. Hii ndiyo ya kwanza, maana nyuso hazifanani. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha uiachie. Ikishika, inakufaa. Ikianguka, irudishe hata kama ni ya bei kubwa. Na hapa nina kisa. Kule Unguja, mita 12 chini, maji yaliniingia puani mpaka nikataka kukimbilia juu, jambo ambalo ni hatari. Mwalimu alinishika mkono, akanituliza, akanyoosha kidole kwenye sharubu zangu. Mpira wa miwani hukaa juu ya mdomo, na nywele hupitisha maji. Ndevu za kidevuni hazina tatizo. Wallahi niliona haya: mimi ndiye ninayewafundisha watoto kuwa sharubu hupunguzwa na ndevu huachwa!

2. Mapezi. Yanayobana huleta maumivu ya misuli, yanayopwaya huvuka. Yajaribu pamoja na viatu vyake.

3. Vazi. Suti ya kuzamia hufunika mwili lakini hubana sana. Mimi huvaa kaptula pana juu yake, ifikayo chini ya magoti, na stara inapatikana.

4. Kompyuta ya mkononi. Hii nitaiwekea akiba polepole. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 hesabu za kuzamia hubadilika. Mgandamizo wa hewa juu ya maji ni mdogo, kwa hiyo naitrojeni iliyoingia mwilini huweza kufanya mapovu kwa urahisi zaidi mtu anapopanda. Lazima kompyuta ijue mwinuko huo. Tena maji yetu ni baridi ya kunywa, si ya chumvi, hivyo mtu huelea kidogo zaidi baharini kuliko hapa. Vyuma vya risasi nilivyofunga kiunoni Unguja vingekuwa vizito mno hapa. Hupunguzwa kilo mbili au tatu.

Na jambo moja wasilosahau vijana wetu: baada ya kuzamia, usipande ndege kabla ya saa 12, na ukizamia mara nyingi, saa 18. Sisi tuna mlima. Barabara ya Gitega hupita Bugarama, zaidi ya mita 2,000, na kwa gari hufiki hata saa mbili. Nami Bugarama naihesabu kama ndege. Nikizamia, nalala mjini.

Mpaka leo nina miwani na mapezi tu. Mwezi uliopita nilikwenda na Salma kwenye mawe ya upande wa kusini, mbali na Ruzizi na viboko na mamba wake. Hatukuzama, tulielea tu, tukipokezana miwani. Aliona samaki wadogo wenye mistari wakilinda watoto wao kati ya mawe. Akainua kichwa akasema, "Baba, kumbe nao wana nyumba!"

Karo yake ilikuwa imelipwa. Nilifurahi mara mbili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.