Saratani ya Matiti Haina Sura Moja



Majumbani mwetu saratani ya matiti hutajwa kana kwamba ni maradhi ya namna moja, tena hutajwa kwa kunong'ona. Kumbe kila uvimbe una tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua dawa.

Tulilifahamu hilo wifi yetu alipopimwa. Katika majibu yake mlikuwa na neno HER2, na mbele yake 3+. Daktari alitueleza kwamba HER2 ni protini iliyopenya utando wa seli, sehemu yake nje na sehemu ndani. Hushikana na protini nduguze, ikapitisha ndani amri ya kukua na kugawanyika. Kila mwanamke anayo kwa kadiri. Lakini katika saratani 15 hadi 20 hivi kwa kila 100 za matiti, jeni inayoiunda hujirudufu mara nyingi, utando ukajaa protini hiyo, na amri ya kukua isikatike.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa wanawake wenye uvimbe wa aina hii walirudiwa na saratani mapema zaidi, na wakafariki mapema zaidi. Hata hivyo, kilicho nje ya seli chaweza kufikiwa. Ikatengenezwa trastuzumabu, kingamwili inayoishika HER2 na kuizuia. Marekani iliiidhinisha mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha yake ya dawa muhimu. Ambaye uvimbe wake hauna HER2 kwa wingi, dawa hii haimfai. Na anayeitumia hupimwa moyo, maana yaweza kuudhoofisha.

Lililotuuma zaidi ni minong'ono juu ya binti zake wifi, walioanza kutazamwa kama wenye damu mbaya, hata posa moja ikasitasita. Mabadiliko haya ya HER2 huzuka ndani ya uvimbe wenyewe. Mama hamrithishi mwanawe. Tuliwaambia wazee hivyo, waziwazi.

Basi, nyama ya uvimbe ikipelekwa kupimwa, ulizeni: imepimwa HER2? Imepimwa vipokezi vya homoni? Karatasi ya majibu msiifungie sandukuni. Stara ni wajibu wetu, lakini haikutuzuilia tiba. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie sisi ulimi wa kuuliza. Amin.