Nakwambia: Neno Lililozaa Jina

Mpenzi msomaji, ukishuka garini Kericho, au ukiendelea hadi Bomet, utaona michai kila upande. Mwenyeji atakusalimu, "Chamgei!" Nawe ukijibu, "Chamgei mising," umekwisha karibishwa.

Wenyeji hao ni Wakipsigis. Wakoloni Waingereza waliwaita Walumbwa, neno walilolipata kwa Wamaasai, ambao waliwaita hivyo watu wa kushika jembe. Halikuwa neno la heshima. Hata stesheni ya reli iliyo kaskazini ya Kericho iliitwa Lumbwa. Leo ni Kipkelion.

Jina jingine walijipa wenyewe. "Kalenjin" ni msemo tu wa mazungumzo, maana yake "nakwambia". Wakati wa Vita Kuu ya Pili, John Chemallan aliutumia sana katika matangazo yake ya redio, na wanafunzi wa Alliance High School wakaupenda. Katika miaka ya 1940 ukawa jina la pamoja la Wakipsigis, Wanandi, Watugen na ndugu zao.

Basi, msomaji, siku utakapowapeleka watoto huko, wafundishe jambo moja: kabla hujampa mtu jina, muulize yeye hujiitaje.