Asilimia za jiko la kuni: usikubali kupigwa changa la macho

Mlioko kwenye baridi poleni, na nyie mlioko Bongo mnaolalamikia joto, tunawaonea wivu.

Leo tuongee habari za jiko. Sisemi lile la kupikia ugali, nasema lile la chuma la kupasha nyumba joto kwa kuni. Huku Maine nyumba nyingi hutumia mafuta, na bei ya mafuta ikipanda wabeba boksi wengi huanza kufikiria kuni. Basi mtu anaingia dukani anakuta jiko moja limeandikwa ufanisi asilimia 99, la pili 81, la tatu 75. Anakimbilia la 99. Ngoja kwanza ndugu yangu!

Mara nyingi hiyo 99 ni ya uunguaji tu, yaani kuni na gesi zake zimeungua kiasi gani badala ya kutoka kama moshi. Haikuambii joto limekwenda wapi. Kuni zinaweza kuungua zote vizuri, halafu joto likapanda dohani kwenda kuwapasha kunguru. Unachotafuta wewe ni ufanisi wa jumla, yaani joto linalobaki ndani. Hesabu yake ni kuzidisha: kama uunguaji ni asilimia 97, na asilimia 77 ya joto hilo inabaki nyumbani, ufanisi wa jumla ni kama 75.

Sasa hilo la 81 na hilo la 75. Msishangae, yanaweza kuwa sawa kabisa! Kuni zikiungua hutoa mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Wamarekani hulihesabu joto hilo kama hasara, na kipimo chao huitwa HHV. Wazungu wa Ulaya hawalihesabu kabisa, na chao huitwa LHV. Kwa hiyo namba ya Ulaya hutoka juu kwa pointi kama 6 hivi, na jiko ni lile lile. Ukilinganisha majiko mawili, hakikisha yote yamepimwa kwa HHV. EPA, shirika la mazingira la serikali, lina orodha ya majiko yaliyoidhinishwa kwenye intaneti, na ni bure kuiangalia.

Ukinunua lililotumika, angalia jambo hili. Zamani orodha hiyo iliruhusu makadirio: 63 kwa jiko la kawaida la kuni, 72 kwa lenye kichocheo cha kuunguzia moshi, 78 kwa la peleti. Ukikuta jiko la zamani lina moja ya namba hizo kamili, inawezekana sana halikupimwa ufanisi wake. Na usichanganye na gramu kwa saa. Hizo ni za moshi, ambao kwa majiko mapya haupaswi kuzidi gramu 2.0 tangu Mei 2020, au 2.5 kama lilipimwa kwa magogo ya kawaida.

Je, pointi hizi zina maana? Zina maana sana. Huku kuni huuzwa kwa kordi, rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8. Nyumba inayomaliza kordi 6 kwa jiko la asilimia 65 itatumia kordi 5 kwa jiko la 78. Kordi moja kila mwaka! Zidisha kwa bei ya mtaani kwako, halafu fikiria ni nani nyumbani anaisubiri pesa hiyo kwa ada ya shule.

Ila namba zote hizo zilipatikana maabara, kwa kuni kavu. Ukitia kuni mbichi, moto unaanza kwanza kuchemsha maji, na asilimia zako zinaishia hapo. Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Pasua gogo, kisha upime pale palipopasuka. Vilevile usinunue jiko kubwa kuliko nyumba. Utalibana hewa usiku kucha, kuni zifuke badala ya kuwaka, na ule utomvu mweusi ugande kwenye dohani. Huo ukishika moto, mnahama.

La mwisho: muuzaji akikutajia punguzo la kodi ya mapato la serikali kuu, lile la asilimia 30 mpaka dola 2,000 kwa majiko ya HHV 75 kwenda juu, mwambie liliisha tarehe 31 Desemba 2025.

Kwa hiyo maswali ya dukani ni matatu: ufanisi huu ni wa jumla? Ni kwa HHV? Ulipimwa au ulikadiriwa? Akianza kujing'atang'ata, aga kwa heshima uende duka la pili.

Haya, baridi njema wapendwa. Tutaonana panapo majaliwa.