Filimbi ya Kuitia Bata



Wengi mmetuuliza kwa simu mafrateri wenu tulifanya nini likizo ya Noeli huku Marekani. Tulikwenda kuwinda bata. Tulikuwa watatu, wote wa falsafa, tukakaribishwa na mzee mmoja wa parokia karibu na mji wa Stuttgart, Arkansas. Ukisikia Marekani unawaza maghorofa. Huku ni majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke, kwani karibu nusu ya mpunga wa nchi hii hulimwa Arkansas. Baada ya mavuno wakulima wengi huyajaza maji majaruba, na majira ya baridi bata wa porini hushuka kutoka kaskazini kula punje zilizobaki. Sisi wa Usukumani tulijiona nyumbani kabisa, ukiondoa baridi.

Kabla ya yote Mzee (tulimwita hivyo, naye akalipenda jina) alitupeleka dukani kuchagua filimbi. Tunasema filimbi kwa kukosa neno. Kwa kweli ni ndugu yake zumari: bomba fupi lenye ulimi mwembamba wa plastiki ndani, unaotetemeka ukipuliza. Inaiga sauti ya bata jike wa aina ya mallard, maana jike ndiye mpiga kelele. Dume, pamoja na kichwa chake kizuri cha kijani, hutoa sauti ya chini ya kukwaruza tu.

Mji ule hauna mzaha na jambo hili. Tangu 1936 hufanya mashindano ya dunia ya kuita bata. Mshindi wa kwanza alizawadiwa koti la kuwindia lenye thamani ya dola 6.60. Basi tulipoona filimbi za akriliki zinazong'aa, tulizikimbilia. Mzee akatuzuia. "Kwanza niambieni mnakwenda kuitia wapi."

Akatueleza. Kwenye majaruba ya wazi, kuna upepo na bata wako mbali. Hapo akriliki inafaa, sauti yake ni kali na inafika. Ndani ya kinamasi chenye miti, maji yakiwa yametulia, sauti hiyo inagonga miti na kuwafukuza; hapo unataka mbao, yenye sauti laini. Tena kuna ya ulimi mmoja na ya ndimi mbili. Ya ulimi mmoja ina sauti nyingi, kubwa na ndogo, lakini mwanafunzi akiipuliza inalia kama mbuzi. Ya ndimi mbili inasamehe makosa, ila haifiki mbali. Tulinunua moja, ya mbao, ya ndimi mbili. Ilikuwa ya bei nafuu pia, tusifiche.

Usiku ule tulijifunza jikoni kwake. Pumzi itoke tumboni, si mashavuni, kama tulivyofundishwa kuimba prefasio. Mkewe alivumilia kwa nusu saa, kisha akatuhamishia ghalani.

Alfajiri tulisimama ndani ya maji mpaka mapajani, tumejibanza kwenye miti, bata bandia wakielea mbele yetu. Kinasa sauti hakiruhusiwi kisheria, wala bata hai wa kufungwa kamba ili awavute wenzake. Hilo lilikatazwa 1935. Imebaki pumzi ya mtu. Bunduki alikuwa nayo Mzee peke yake. Kanuni aliyotupa ilikuwa moja: ukiona mikia yao, ita, ukiona vifua, nyamaza. Sisi tuliita wakati wote. Makundi mawili yakageuka juu ya vichwa vyetu yakaenda zake. Ndipo mwenzetu mmoja, mpole kuliko sisi, alipochukua filimbi, akaita mara tatu kwa sauti ndogo, akaacha. Bata wanne wakashuka, miguu mbele. Mzee akapiga wawili.

Jioni, tukiwanyonyoa, yule mwenzetu alikuwa kimya. Tukadhani anawahurumia bata. Tukamletea Mtakatifu Thoma wa Akwino, pale anapouliza kama ni halali kuvizia vitani, na anavyotenganisha kusema uongo na kuficha nia. Tukaongeza kwamba bata hadai ukweli kwa mtu. Tuliongea sana, tukijiona wanafalsafa. Akatuacha tumalize.

"Si bata, ndugu zangu," akasema. "Nimeona jinsi ilivyo rahisi. Miaka minne nimejifunza sauti ya mtu mwenye wito. Walezi wanaigeukia, mama yangu anaigeukia. Sijui kama ni yangu."

Hapo tulipaswa kunyamaza. Badala yake tulimwambia kila frateri hupita humo, tukamkumbusha mchango wa parokia yake, tukamtaja mama yake tena. Tulimwita kwa kelele mpaka akaondoka kwenda kulala. Ni jambo ambalo tumelipeleka kwenye kitubio.

Februari alizungumza na walezi, wakamsikiliza, wakampa mwaka mmoja wa kukaa nje. Sasa yuko nyumbani, anamsaidia baba yake kwenye jaruba. Filimbi alituachia sisi, nasi huipuliza Jumamosi nyuma ya bweni. Wiki iliyopita tulimpigia simu, na safari hii hatukumuuliza lini atarudi. Akatuomba tumpulizie kidogo. Tukapuliza.

"Bado mna mbuzi," akasema, akacheka mpaka simu ikakatika.