Chombo Kilichorejewa na Kauli

Habari za misiba zina wachukuzi wa kutosha. Mimi nimejichagulia mzigo mwingine: kila alasiri hutafuta katika intaneti habari moja ya ajabu na ya kufurahisha, nikaifasiri, kisha nikawasomea wazee barazani.

Iliyowashika zaidi ni ya Voyager 1, chombo kilichorushwa na Wamarekani mwaka 1977, ambacho sasa kimepita umbali wa kilomita bilioni 24. Novemba 2023 kilianza kupayapaya. Ishara zilifika, maana hazikuwamo. Mafundi wakagundua kuwa kipande kimoja cha kumbukumbu yake kimekufa, wakazigawa amri zilizokuwamo na kuzihamishia kwengine. Neno lilikwenda saa 22 na nusu, na jibu likarudi kwa muda kama huo. Tarehe 20 Aprili 2024 chombo kikaeleza hali yake, kikafahamika. Nahodha mmoja mstaafu alipiga takbiri.

Chombo hicho kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo.

"Na Kiswahili?" akauliza nahodha.

Hakimo. Kwa mtu aliyeula umri wake katika kufasiri, hilo si dogo.

Basi tukaazimia kutunga salamu yetu, ijapokuwa haina wa kuipeleka. Hadi leo haijaandikwa, kwani baraza haijakubaliana nani amwambie mwenziwe shikamoo: hatujui aliyeko huko ni mkubwa wetu au mdogo wetu.